Jora la Bafta kwa Bi Mwanaidi

Siku hizi nikifika Kisarawe sipiti barabara kuu. Nakata njia ya nyuma ya soko, napenya kwenye mihogo ya watu, natokea upande wa pili suruali imejaa miba ya majani, na yote hayo ni kwa sababu nikipita barabara kuu lazima mtu mmoja pale mgahawani atainua kichwa na kuniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, leo nani?", na benchi zima litacheka mpaka chai iwapalie. Aibu ni yangu. Nimeona nieleze mwenyewe, kwa sababu ukiusikia mkasa huu kwa wengine utaambiwa niliingia mji ule nimebeba jeneza kichwani, na huo ni uongo, jeneza walilibeba wao.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuwaza. Chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu, wenzangu walinipa jina la Bwana Huenda, maana siwezi kuvuka hata kijito bila kusimama na kujiuliza huenda jiwe lile linateleza, huenda wale wanaofua wananitazama, huenda nikianguka watasema nimejiangusha makusudi. Kabla ya hapo, shuleni, aliyekuwa akinituliza ni mmoja tu, rafiki yangu Athumani wa Kisarawe, tuliyekaa naye dawati moja la shule ya bweni tangu tukiwa wadogo. Nikianza tu, "Huenda...", yeye husema, "Na huenda isiwe," kisha anavuka, nami namfuata.

Tulipomaliza shule mimi nilikwenda ualimu, yeye akaenda Tabora kujifunza kushona, akawa fundi hasa, wakambakiza huko awafundishe wengine. Huko ndiko homa ilikomchukua. Habari ilimfikia mama yake kwanza, kama inavyostahili, na mimi niliyekuwa nimepangiwa shule huku Soga, upande wa Kibaha, nilipata kuambiwa na abiria mmoja pale stesheni, wakati matanga ya Kisarawe yamekwisha anuliwa na watu wamerudi mashambani. Athumani alikuwa amezikwa Tabora na watu wasiomjua mama yake. Nilirudi nyumbani kwangu (chumba kimoja, kitanda kimoja, kiti kimoja ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia isipokuwa mimi), na kesho yake nikaingia darasani nikafundisha hesabu. Hakuna aliyenipa pole. Nani angenipa, na nani Soga alimjua Athumani? Na hata desturi zetu, mkitazama, mjane ana eda yake na ndugu wana mkeka wao wa kupokea mkono wa pole, lakini mtu aliyefiwa na rafiki hana pa kukaa.

Nilikwenda kuhani baadaye. Mama yake, Bi Mwanaidi, anakaa mwisho wa mji, njia ya kwenda Kibuta, na alinipokea kama mwanawe, akanipikia, akaniuliza mbona nimekonda. Kwenye pembe ya chumba nikaiona cherehani ya Athumani, imeletwa na gari moshi ikiwa imeviringishwa blanketi, na bado iko ndani ya blanketi lile. Pale ndipo Tatu, binamu yake Athumani, aliyeachwa na mumewe mwaka uliopita, aliponieleza kuwa marehemu alimfundisha kushona kila alipokuja likizo, na kwamba alikuwa na nia ya kuwafundisha wanawake wengine wa pale, wajane na walioachwa, kwa sababu mama yake mwenyewe aliachwa na watoto wawili na akawalea kwa kutwanga mpunga wa watu. Athumani alikuwa akisema mwanamke akiachwa hapa kwetu anabaki na kazi mbili, kutwanga vya wenzake na kungoja kuposwa tena. "Wapo kumi na zaidi wanaotaka," Tatu akasema, "na mashine hii hapa, na mimi nipo. Kinachokosekana ni kitambaa."

Nikasema kitambaa nitaleta mimi. (Nililisema kabla sijawaza, ndiyo mara pekee.) Tatu akataka bafta nyeupe, kwa sababu inachoreka kwa penseli, mshono ukipinda unaonekana, na vikanzu vya watoto wa chuo cha Kurani havikosi mnunuzi.

Ikabaki ruhusa ya Jumbe. Jumbe wa pale ni mtu mzima asiyependa mageuzi, na kwake cherehani ni kazi ya mwanamume anayekaa kwenye baraza la duka la Mhindi na kipimo shingoni. Bi Mwanaidi alimwendea, akambembeleza, akamwendea tena, na mwisho akakubali kwa sharti: atakuja mwenyewe siku ya kwanza, akae, atazame, na akiona fujo yoyote basi jambo lile litakufa siku ile ile na lisifufuliwe. Wanawake nao walikuwa wanaiba siku hiyo moja. Kuna waliotoka Kibuta na watoto mgongoni, kuna walioaga kwa kaka zao kwamba wanakwenda kuchanja kuni. Siku ikiharibika hawatarudi tena. Mjue basi kwamba kila kitu kilining'inia kwenye siku ile moja, na mimi ndiye niliyebeba kitambaa.

Asubuhi nilivaa kanzu nyeupe iliyofuliwa na kupigwa pasi, kofia nyeupe na koti jeusi, nikaenda dukani pale Soga kuchukua jora langu. Mwenye duka akataka kulitia kwenye gunia. Gunia lile lilikuwa limehifadhi papa mkavu, ukilisogelea unaumwa kichwa, nami nikaanza: huenda bafta ikanuka papa, huenda Jumbe akasikia harufu akasema ndiyo fujo yenyewe, huenda wanawake wakadhani ndivyo ninavyowaona, watu wa kupewa vitu vinavyonuka. Nikakataa gunia. Nikasema nitalibeba hivi hivi begani, na hapo ndipo mkasa ulipozaliwa, ndugu zangu, kwenye gunia la papa nililolikataa. Nikaongeza chupa ya marashi ya mawaridi ya kuwanyunyizia wageni, na udi kidogo wa kufukiza, na kipande cha sabuni wanawake wanawe mikono kabla ya kushika nguo. Mwenye duka alipoviona vyote pamoja aliacha kunitania kama alivyozoea, akanifungia marashi kwa upole, akasema, "Pole sana, mwalimu."

Nilishangaa amejuaje habari ya Athumani. Lakini ilikuwa pole yangu ya kwanza, nikamwambia nimeshapoa.

Sasa wewe unayesoma umekwisha elewa. Umeona kijana, kanzu nyeupe, uso wa huzuni, jora la bafta begani, marashi, udi na sabuni mkononi, na umejua anakwenda wapi. Mtoto wa miaka saba angejua. Mimi ni mtoto wa Mlandizi, nimezaliwa katika Uislamu na nimekulia humo, sanda nimeziona, na siku ile niliwaza kila kitu duniani isipokuwa kile kilichokuwa begani kwangu.

Ndani ya gari moshi, daraja la tatu, watu walikuwa wamejaa kama ndizi mkunguni, nami nilipoingia wakanyamaza. Mama mmoja akamwinua mwanawe nikapewa nafasi ya kukaa. Mzee aliyekuwa na kuku akawahamishia kuku wake upande wa pili wasije wakaligusa jora. Hakuna aliyeniuliza kitu, na nilipowaamkia waliitikia kwa sauti ya chini wakitazama sakafu. Nikakaa nikijikunja. Nikajiambia huenda wameniona msomi ninayejitenga, huenda koti limewaudhi. Mpaka Pugu sikusema neno na wao hawakusema, na nilikuwa na jambo zito la kumwambia mtu, kwamba nakwenda kufanya jambo kwa ajili ya rafiki yangu aliyekufa, na kwamba naogopa. Ningemwambia yule mama peke yake tu, yote yaliyofuata yasingetokea. Sikumwambia.

Desturi yetu, kwa asiyeijua, ni kwamba mtu aliyebeba sanda hasimamishwi njiani wala haulizwi amekufa nani. Ni utovu wa adabu. Unaacha ulichokuwa unafanya, unamfuata nyuma, na habari utaikuta huko huko msibani. Basi niliposhuka Pugu na kuanza kupanda kilima cha Kisarawe, alikuwa anashuka kijana mmoja na baiskeli, akaniona, akasimama, akavua kofia. Akaniuliza kitu kimoja tu, kwa nani. Nikamjibu, "Kwa Bi Mwanaidi, njia ya Kibuta." Akasema Inna lillahi. (Nikadhani anamrehemu Athumani, nikasema naam, ni kazi ya Mungu.) Akageuza baiskeli akarudi alikotoka, anakanyaga kwa nguvu zote, nami nikafurahi kwamba habari ya darasa letu la kushona imewagusa vijana kiasi hicho.

Kisarawe nilifika mapema mno. Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja, lakini mimi nikawaza nikifika mapema wataona nimefuata chakula, nikichelewa wataona nimewadharau, basi nikakaa mgahawani kungoja saa ya katikati. Mwenye mgahawa akaniletea chai na mkate bila kuagizwa, na nilipotia mkono mfukoni akakataa kwa kichwa. Watu wakahama benchi langu, wakakaa mbali wakiongea kwa kunong'ona. Nilikunywa chai ile peke yangu, jora limelala mezani mbele yangu, na nawaambia sijawahi kuona mji mzima ukinitazama hivyo na bado nikajisikia sina hata mtu mmoja. Nilikaa muda mrefu, nikikariri hotuba niliyotaka kusoma mbele ya Jumbe. Na muda huo wote, kumbe, yule kijana wa baiskeli alikuwa amekwisha pita msikitini, na wachimbaji walikuwa makaburini wanatupa mchanga.

Niliposimama, mgahawa mzima ukasimama.

Nikaenda zangu barabara ya Kibuta, nikasikia hatua nyuma yangu. Nikageuka kidogo: wanaume wapata kumi na tano, vichwa chini. Mbele kidogo wakajiunga wengine kutoka kwenye vibanda vya soko, kisha wanawake wamejitanda kanga mpaka usoni. Wengine wana majembe. Nikajiambia hao wametoka shamba moja kwa moja, hawakutaka kukosa. Athumani alipendwa kumbe! Nikanyoosha mgongo. Nikatembea kwa hatua za heshima, na machozi yakaanza kunitoka bila kutaka, na kila lilipotoka chozi nilisikia nyuma yangu watu wanaguna kwa huruma.

Kwenye njia panda likatokea jeneza. Watu wanne wamelibeba, tupu, limefunikwa kitambaa cha kijani, linatoka upande wa msikitini. Maskini, nikasema, kumbe leo kuna msiba mwingine, na sisi tunakwenda kwenye furaha. Nikajitoa pembeni ya njia kwa adabu ili lipite. Jeneza likasimama. Nikangoja. Nalo likangoja. Nikapiga hatua moja, likapiga hatua moja. Nikaona huenda wanaona haya kumpita mtu aliyebeba mzigo, basi nikatangulia, na jeneza likanifuata nyuma likiwa karibu mno, nasikia mbao zinalia.

Pembeni yangu alikuwa amejiunga Mzee Kondo, mzee wa msikiti ambaye mji mzima unamwamini katika mambo ya maziko. Nikamwinamia nikamnong'oneza, "Shikamoo mzee. Samahani, msiba huu ni wa nani?"

Akanishika mkono, akaukamata kwa nguvu kama unavyomshika mtu anayetaka kuanguka, akasema, "Marahaba. Jikaze, mwanangu. Jikaze, wewe ndiye mwanamume."

Na hakuuachia mkono wangu mpaka tukafika. Niseme kweli, sikutaka auachie.

Uani kwa Bi Mwanaidi palikuwa pamefagiliwa vizuri. Mikeka imetandikwa, cherehani imetolewa kwenye blanketi imewekwa juu ya meza ndogo na kamba ya asumini imezungushiwa shingoni mwake, wanawake wamekaa na watoto wao, Jumbe yuko kwenye kiti, na Bi Mwanaidi mwenyewe amesimama mbele, kanga mpya, anacheka. Aliniona mimi kwanza, maana nilikuwa mbele. Kisha akaliona jora. Sijui nilieleze vipi lile. Uso wake ulikuwa unacheka, kisha ukawa hauna mtu ndani.

Anaye mtoto mmoja aliyebaki, Mwajuma, ameolewa Dar es Salaam, na siku zile alikuwa na mimba pevu.

"Mwajuma?" akaniuliza. Kwa sauti ndogo tu.

Nilipaswa kusema hapana. Neno moja. Lakini mimi nilikuwa nawaza: anamuulizia Mwajuma kwa nini, huenda alitakiwa kuja nami, huenda nilipaswa kumpitia nikasahau. Nikanyamaza, kinywa wazi, na machozi yangu ya barabarani bado yako mashavuni. Bi Mwanaidi akakaa chini mchangani, pale pale aliposimama, na Tatu akapiga ukelele, na wale wanawake wa kwenye mikeka wakaupokea, na nyuma yangu wanawake wa barabarani nao wakaingia na kilio chao walichokuwa wamekihifadhi njia nzima, na jirani mmoja aliyeungana nao kutoka sokoni, Bi Zena, akajitupa kwenye kizingiti akilia, "Bi Mwanaidi umetuacha, umetuacha na nani!"

Kilio cha upande mmoja kikakatika. Bi Mwanaidi akainua kichwa kutoka mchangani.

"Zena," akasema. "Nimekuacha wapi?"

Wabeba jeneza walikuwa wamekwisha ingia uani, na mmoja wao, alipomwona maiti waliyekuja kumbeba amekaa anajipangusa macho, aliachia mguu wa jeneza ukatua kwenye mguu wake mwenyewe. Watu wote wakamtazama Bi Mwanaidi, kisha, polepole, wote wakanitazama mimi.

Mzee Kondo akauliza jora ni la nini. Nikasema ni la kushonea. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Nikaeleza, nikiruka maneno, gunia, papa, marashi ni ya wageni, sabuni ni ya mikono, Mwajuma sijui habari zake na naamini mzima, na kadiri nilivyoeleza ndivyo watu walivyoanza kutikisika mabega, mpaka mtu mmoja nyuma akasema mwalimu huyu ametuita mazikoni akasahau kuleta maiti, na hapo ua mzima ukapasuka kwa kicheko, walioshika majembe wakaegemea majembe yao. Mimi na Bi Mwanaidi peke yetu hatukucheka. Yeye alikuwa bado anahema kwa ajili ya Mwajuma.

Jumbe naye hakucheka. Alisimama, akasema aliweka sharti moja tu, na kwamba katika umri wake wote hajaona fujo kama hii, watu wamechimba kaburi la mtu aliye hai. Siku imekwisha. Wanawake warudi makwao, mashine irudi ndani, na bafta ipelekwe msikitini ingoje mwenyewe atakayekufa, kwa kuwa nguo iliyokwisha liliwa haivaliwi na mtoto. Nikawaona wale wa Kibuta wanaanza kufunga watoto mgongoni. Hawakubisha. Walikuwa kama watu waliojua tangu asubuhi kwamba itakuwa hivi.

Kisha Mzee Kondo akakumbusha la kaburi. Wachimbaji wamefika kiunoni, na kwa wazee wetu kaburi likiachwa wazi huita mtu. Akasema wazee wa zamani walikata gogo la mgomba, wakalivika sanda, wakalizika, kaburi likatulia. Yeye kama mtu wa msikiti hatalisalia gogo, lakini hatazuia. Akasita, akamgeukia Bi Mwanaidi, na kwa huruma ya kweli akamwambia kwamba Athumani amelala Tabora kwa watu baki, na hapa bafta ipo, watu wapo, kaburi lipo. Liwe lake. Apate mahali pa kwenda kumsomea.

Watu wengi wakatikisa kichwa kukubali. Na mimi, ndugu zangu, nilitaka. Nilitaka sana kuliko nilivyotaka darasa. Nilitaka nimzike, kwa gogo au kwa lolote, niwe miongoni mwa watu na mchanga mkononi.

Bi Mwanaidi aliinuka. Akakung'uta kanga yake.

"Mwanangu hakuwa mgomba, Mzee Kondo," akasema. "Alipolazwa ndipo alipo, na Mungu anamjua huko. Sitamzika mara ya pili ili nyinyi msione haya." Akamgeukia Jumbe. "Bwana Jumbe, nguo hii watu hawa wameifuata kama ya nani?"

Jumbe akasema ya kwake, ndivyo walivyodhani.

"Yangu. Wamenililia mimi, wamenichimbia mimi, jeneza limeingia kwangu. Sanda ni mali ya maiti, au nimekosea, Mzee Kondo?"

"Hujakosea," akasema Mzee Kondo.

"Basi maiti ndiye anayesema. Tatu, lete mkasi."

Akalichukua jora mwenyewe begani mwangu. Akalifungua juu ya mkeka kwa mkupuo mmoja, likakimbia jeupe mpaka miguuni pa Jumbe, akalikata. Hakukata vizuri, ule mstari ulipinda kama njia ya mbuzi, lakini alikata mpaka mwisho, na muda wote watu walikuwa wamebana pumzi. Kisha akakiinua juu kile kipande, akasema nani anaanza.

Hakuna aliyeinuka. Nguo ile waliiogopa, na mimi singewalaumu. Mwisho mwanamke mmoja kutoka Kibuta, mtoto bado yuko mgongoni, jina lake sikulijua siku ile, alisogea akakaa mbele ya mashine, akamwambia Tatu kwa sauti ya kujitetea kwamba yeye nyumbani analala kwenye kirago kitupu, bila shuka, hawezi kuogopa kitambaa kipya. Tatu akauweka mkono wake kwenye gurudumu. Cherehani ikalia.

Jumbe alisema, bila kumtazama mtu, kwamba maiti mwenye ulimi kama huu hajawahi kumwona, akakaa tena kwenye kiti chake. Hakusema amekubali. Lakini alikaa.

Nilitaka kukaa na mimi. Nilikuwa na hotuba yangu mfukoni. Lakini Mzee Kondo akanigusa bega, akanipa jembe. Kaburi haliwezi kubaki wazi, akasema, wachimbaji wamechoka na wamekasirika, na aliyelichimbisha ndiye atakayelifukia. Bi Mwanaidi aliashiria kwa kichwa kwamba niende tu. Hakuwa na hasira, alikuwa ameinamia mshono.

Basi nikaenda makaburini peke yangu, wakati wa alasiri. Wachimbaji walinionyesha mahali kwa kidole, hawakuingia. Kaburi lilikuwa zuri, limenyooka, mchanga wake mwekundu umerundikwa pembeni. Nikavua koti, nikakunja kanzu kiunoni, nikaanza kuvuta mchanga ndani. Mkono wa mwalimu haukuzoea jembe, malengelenge yalitoka mapema na kupasuka mapema. Na sijui ilikuwa saa gani nilipojisikia naongea. Nilimwambia Athumani habari ya gunia la papa. Nilimweleza jeneza lilivyokuwa likisimama nikisimama. Nilimwambia mama yake alivyokata vibaya. Nilisema mambo yote niliyokuwa nimenyamaza nayo tangu ile siku ya stesheni, kwa sauti, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu anazungumza na shimo, na pale ambapo yeye angejibu nilingoja kidogo, kisha nikatupa mchanga.

Lilipojaa nikalisawazisha. Sikuweka alama yoyote, kwa sababu si la mtu.

Darasa lile lipo. Limehama uani, siku hizi wako kwenye kibanda chao, na Mwajuma alijifungua salama na mtoto alivikwa kikanzu cha bafta ile ile, mshono umepinda. Mimi napeleka kitambaa kila nipatapo, ila nakipitisha njia ya nyuma, kimefungwa, na niliapa siku ile nikiwa nangoja gari moshi pale Pugu na mikono inayovuja damu: sitabeba tena kitu njiani nikiwa nimenyamaza. Ninayekaa naye kwenye gari, awe nani, namwambia mara moja nimebeba nini, nakwenda kwa nani, na kwa nini. Wengi hugeukia dirishani, wakaona mwalimu wa Soga ana kasoro kidogo. Hiyo nimeikubali. Pole zote nilizopewa siku ile zilikuwa za makosa, kutoka dukani mpaka kwa Mzee Kondo, hakuna hata mmoja aliyejua ananipa kwa ajili ya nani. Na mimi nilizipokea zote, na sijapewa nyingine.